Mtoto ni wa Nani? Historia ya Malezi Baada ya Talaka Katika Mwambao wa Ziwa Mweru

Ndoa inapovunjika, karibu kila kitu kilichokuwa cha watu wawili huweza kugawanywa. Vyungu hugawanywa, nyavu hugawanywa, hata nyumba huweza kuuzwa na fedha zake zikahesabiwa mbele ya mashahidi. Mtoto hagawanyiki. Ndiyo maana kila jamii iliyowahi kujua talaka imelazimika kutafuta majibu ya maswali matatu: mtoto atalala kwa nani, atalishwa na nani, na ataitwa wa nani?

Makala haya yanafuatilia namna maswali hayo yalivyojibiwa katika sehemu moja ya Afrika, nayo ni wilaya ya Nchelenge na mwambao wa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia. Nimeichagua sehemu hiyo kwa makusudi. Wanafunzi wengi wa Kiswahili huzoea kuiona familia ya Kiafrika kama jambo moja lisilobadilika, ambamo baba ni mkuu na watoto ni wake. Watu wa Mweru watatuonyesha kwamba mambo hayakuwa hivyo kila mahali, na kwamba sheria za leo zimejengwa juu ya misingi ya zamani iliyokuwa ikipingana.

Ziwa, mpaka na lugha

Nchelenge iko katika mkoa wa Luapula, upande wa mashariki wa ziwa. Mji wake umeungana na Kashikishi, penye soko kubwa la samaki na hospitali ya misheni ya Mtakatifu Paulo. Ng'ambo ya maji ni nchi ya Kongo, ambako kuna miji ya Kilwa na Pweto. Mpaka unaopita katikati ya ziwa na kufuata mto Luapula uliwekwa kwa mapatano ya Mei 1894 kati ya Uingereza na Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold. Waliouchora hawakuwauliza wavuvi. Watu wa pande zote mbili walikuwa ndugu, waliwahi kuoana kabla ya mpaka, na wameendelea kuoana baada yake.

Kiswahili nacho si kigeni huko. Wafanyabiashara kutoka pwani na kutoka Unyamwezi walifika Luapula katika karne ya 19. Novemba 1867 David Livingstone alipofika katika makao ya mfalme Mwata Kazembe, kusini mwa ziwa, alimkuta huko Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa ameishi nchini humo kwa miaka mingi. Ng'ambo ya mto, Msiri aliyetoka Unyamwezi alijenga ufalme wake wa Garenganze, uliodumu hadi alipouawa mwaka 1891. Leo lugha kuu ya mwambao wa Zambia ni Kibemba pamoja na lahaja zake, lakini Kiswahili cha Katanga husikika sokoni kila mashua zinapotia nanga.

Ukoo wa kukeni

Msomaji wa Kiswahili anayajua maneno mawili muhimu: kuumeni, yaani upande wa baba, na kukeni, yaani upande wa mama. Miongoni mwa Washila, Wabwile, Wachishinga na jamii nyingine za mwambao huo, mtu alihesabiwa kukeni. Ukoo wake, ambao kwa Kibemba huitwa mukowa, ulikuwa ukoo wa mama yake. Mwanamume hakurithiwa na mwanawe wa kumzaa. Alirithiwa na ndugu yake wa tumbo moja au na mpwa wake, mtoto wa dada yake. Utaratibu huo haukuwa wao peke yao. Wabemba walioko mashariki yao wanaufuata, na nchini Tanzania umejulikana miongoni mwa Waluguru, Wamakonde na Wayao.

Katika mfumo kama huo, mjomba ni mtu mzito. Neno mjomba katika Kiswahili lina upole ndani yake. Ni ndugu wa mama anayekuja na zawadi. Kwa watu wa Mweru, mjomba, anayeitwa yama kwa Kibemba, alikuwa pia mwenye mamlaka. Ndiye aliyesimama mbele ya wazee shauri la mpwa wake lilipozungumzwa, ndiye aliyelipa mpwa alipotozwa faini, na ndiye ambaye jina na cheo chake vingeweza kumwangukia mpwa huyo siku ya kurithiwa.

Ndoa yenyewe ililingana na mfumo huo. Kijana alituma mshenga, bashibukombe, akatoa zawadi ndogo, kisha kwa kawaida akaenda kukaa karibu na wakwe zake na kuwafanyia kazi. Mali aliyotoa haikuwa nyingi kama ng'ombe wa jamii za wafugaji, wala haikununua haki juu ya watoto watakaozaliwa. Ilimpa haki ya kuwa mume, na kadiri alivyozidi kuwatumikia wakwe ndivyo sauti yake ilivyozidi kusikika.

Basi ndoa ilipovunjika, jibu la swali la ukoo lilikuwa limekwisha kutolewa kabla mtoto hajazaliwa. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mama. Mume aliondoka na shoka lake na nyavu zake. Mama alibaki miongoni mwa ndugu zake, na watoto wakabaki naye. Mtoto mdogo alilala kwa mama au kwa bibi yake mzaa mama. Alipokua kidogo angeweza kuhamia kwa mjomba, kwa mama mdogo, au hata kwa baba kwa muda. Kuhamahama huko hakukuhesabiwa kuwa aibu wala utelekezaji. Kulikuwa ndiyo malezi.

Hata hivyo, tusidhani kwamba baba alikuwa mgeni. Alikuwa na heshima yake, na baraka yake ilihitajika. Binti yake alipoolewa, baba alishauriwa na kupata sehemu yake katika mahari. Jamii hiyo ilitofautisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya, yaani kuwa mzazi wa mtoto na kuwa mwenye mtoto. Baba alikuwa mzazi. Ukoo wa mama ndio uliokuwa na mtoto.

Mama, kaka na mtoto aliyeuawa

Uzito wa uhusiano huo umehifadhiwa katika masimulizi maarufu kuliko yote ya bonde la Luapula, masimulizi ya Nachituti. Inasimuliwa kwamba Nkuba, mtawala wa Washila, alimuua mtoto wa dada yake Nachituti. Kwa machungu yake, Nachituti alikwenda kwa Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda waliokuja kutoka magharibi, akaomba alipiziwe kisasi. Kazembe alituma watu wake, Nkuba akauawa, na Nachituti kwa shukrani akamkabidhi Kazembe nchi na ziwa, ishara yake ikiwa udongo na maji. Mwanahistoria David Gordon alikiita kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu bonde hilo kwa jina la zawadi hiyo ya Nachituti.

Msomaji anayetoka katika jamii ya kuumeni huenda akaona hapa ugomvi wa ndugu wawili tu. Msikilizaji wa Mweru husikia zaidi. Mjomba aliyepaswa kumlinda mpwa ndiye aliyemuua, na mpwa ndiye ambaye angeendeleza ukoo. Nkuba alivunja mwiko ulioshikilia jamii nzima, na adhabu yake ilikuwa kupoteza nchi. Masimulizi hayo yanafundisha kwamba mamlaka ya mjomba juu ya mtoto yana masharti: anayeshindwa kumlinda mtoto hupoteza haki ya kutawala. Tukumbuke funzo hilo, kwa maana tutalikuta tena katika sheria za karne yetu.

Walunda nao walileta desturi nyingine. Vyeo vyao vya kifalme vilipita kwa baba kwenda kwa mwana. Lakini waliwaoa wanawake wa nchi waliyoikuta, na watoto waliozaliwa walichukua koo za mama zao. Mtoto mmoja aliweza basi kuwa Mlunda kwa baba na mtu wa ukoo fulani kwa mama. Muda mrefu kabla ya mwanasheria yeyote kufika, watu wa Mweru walikwisha kuzoea wazo kwamba mtoto anaweza kuwa na pande mbili na kila upande ukawa na jambo lake.

Kodi, migodi na baba asiyekuwapo

Utawala wa Waingereza ulileta nguvu tatu zilizotikisa utaratibu huo. Ya kwanza ilikuwa kodi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini ilianza kutoza kodi ya nyumba, nayo ililipwa kwa fedha. Ya pili ilikuwa migodi. Ili kupata fedha hiyo, wanaume wa Luapula walikwenda Katanga kuchimba shaba, na kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 wakaelekea pia katika migodi mipya ya Ukanda wa Shaba wa Rhodesia ya Kaskazini. Ya tatu ilikuwa biashara ya samaki. Watu wa migodini walihitaji chakula, na wafanyabiashara, wakiwamo Wagiriki waliokuwa na makao Kasenga upande wa Kongo, walinunua samaki wa Mweru na Luapula kwa wingi na kuwapeleka Elisabethville.

Kwa mtoto, mabadiliko hayo yalikuwa na maana moja kubwa: baba alikuwa mbali, na alikuwa na fedha. Zamani mchango wa baba ulikuwa mikono yake katika shamba la wakwe. Sasa ulikuwa noti ndani ya bahasha, au ulikuwa kimya. Ndoa nyingi zilivunjika bila mtu kutamka talaka. Mume hakurudi tu. Wengine walioa mjini na kuzaa huko, mbali na wazee wa ukoo wowote. Mtoto aliyezaliwa katika kambi ya mgodi alimjua baba aliyemwona kila jioni, na mjomba alikuwa jina linalotajwa katika salamu. Wazazi wa mtoto huyo walipoachana, kudai kwamba ni wa mjomba kulianza kusikika kama dai la mtu wa mbali.

Sheria mbili zilizokutana

Hapa tusimame kidogo tutazame upande wa mtawala. Sheria ya Kiingereza iliingizwa katika Rhodesia ya Kaskazini kwa kufuata hali yake ya tarehe 17 Agosti 1911. Je, sheria hiyo ilisema nini kuhusu watoto? Kwa karne nyingi ilikuwa imesema kinyume kabisa cha Mweru. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa alikuwa wa baba, na mama hakuwa na dai lolote linaloweza kusikilizwa. Mwaka 1836 mwandishi Caroline Norton aliachana na mumewe, na mume akawachukua wana wao watatu. Aliandika na kupigania jambo hilo hadharani, na mwaka 1839 Bunge la Uingereza likapitisha sheria iliyomruhusu mama kuomba mahakama impe watoto walio chini ya miaka 7. Ilichukua hadi mwaka 1925 ndipo sheria ya Uingereza ilipotamka kwamba jambo la kwanza la kutazamwa ni ustawi wa mtoto.

Kwa hiyo sheria mbili zilikutana kando ya ziwa. Moja ilisema mtoto ni wa ukoo wa mama. Nyingine ilikuwa imesema mtoto ni wa baba, ikaanza kubadilika. Zilipingana katika jibu, lakini zilifanana katika swali. Zote mbili ziliuliza mtoto ni wa nani. Swali la mtoto anahitaji nini lilikuwa bado linabisha hodi.

Serikali ya kikoloni haikuifuta mila. Kwa sheria za mwaka 1929 iliwatambua machifu na mahakama zao, ikawaruhusu kuhukumu kwa desturi za wenyeji mradi hazipingani na kile ambacho Waingereza walikiona kuwa haki na maadili. Mashauri ya ndoa yakawa sehemu kubwa ya kazi yao. Shauri ambalo zamani lilizungumzwa katika insaka, yaani banda la mazungumzo la wazee, sasa liliandikwa katika daftari na kutolewa risiti. Kuandika kuna faida, kwa maana maneno ya mzee hayawezi kugeuzwa kesho. Lakini kuandika pia hugandisha. Desturi iliyokuwa ikipinda kufuatana na hali ya mtoto ilianza kusomwa kama kifungu.

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, na mwaka 1966 ilipitisha Sheria ya Mahakama za Mitaa. Mahakama hizo, zilizoirithi kazi ya zile za machifu, ndizo ambazo hadi leo mwananchi wa kawaida wa Nchelenge hufika kwanza ndoa yake ya kimila inapovunjika. Mashauri ya kimila husikilizwa humo bila mawakili. Kila mtu hujieleza mwenyewe. Asiyeridhika hukata rufaa katika mahakama ya juu yake. Kwa mabadiliko yaliyoongezwa baadaye, mahakama hiyo inapotoa talaka inaweza kuagiza matunzo ya mtoto aliye chini ya miaka 18, na katika kufanya hivyo inatakiwa kuyapa uzito wa kwanza mahitaji ya watoto. Hapo ndipo lile swali la tatu lilipofunguliwa mlango.

Samaki, dini na mkoba wa baba

Sheria hazibadiliki angani. Kule ufukoni watu wenyewe walikuwa wakibadilika. Mwanaanthropolojia Karla Poewe alifanya utafiti Luapula katika miaka ya 1970 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1981. Aliona mvutano mkali ndani ya nyumba. Mwanamume aliyepata mali kwa uvuvi au biashara alitaka kuwaachia watoto wake mwenyewe, na ukoo wake ulitaka mali hiyo irudi kwa wapwa. Poewe alionyesha pia kwamba wafuasi wa Mashahidi wa Yehova na Waadventista wa Sabato walivutiwa na mafundisho yaliyoitukuza familia ya baba, mama na watoto, kwa kuwa yaliwapa sababu ya kujitenga na madai ya ukoo.

Wakati huohuo samaki wenyewe walibadilika. Mpumbu, ambaye zamani alipanda mto kwa makundi makubwa wakati wa kuzaa, alipungua sana kufikia katikati ya karne ya 20 kwa sababu ya kuvuliwa kupita kiasi. Baadaye nafasi ilichukuliwa na chisense, dagaa wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani. Biashara ya chisense haikuhitaji mtaji mkubwa kama ule wa nyavu kubwa, na wanawake wengi waliingia humo. Mwanamke mwenye mtaji wake mwenyewe akiachika, halazimiki kumpigia kaka yake magoti. Mjomba akaanza kupungua si kwa sababu baba amemshinda tu, bali kwa sababu dada hamtegemei tena kama zamani.

Matokeo ya mabadiliko hayo yote yalikuwa mtoto anayeweza kudaiwa na wote asilishwe na yeyote. Baba anasema, watoto ni wa ukoo wao, wajomba na wawalee. Mjomba anasema, siku hizi kila mtu ana watoto wake, baba yao yupo na ana mkono. Wote wawili wana hoja katika historia. Waswahili walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi hapa zina majina na zinakwenda shuleni.

Sheria yauliza swali jipya

Bunge la Zambia liliingilia kati hatua kwa hatua. Mwaka 1989 Sheria ya Mirathi Isiyo na Wosia iliamua kwamba mtu akifa bila wosia, nusu ya mali yake iende kwa watoto wake, asilimia 20 kwa mwenzi aliyebaki, asilimia 20 kwa wazazi na asilimia 10 kwa wategemezi wengine. Ilikuwa jibu kwa ndugu waliokuwa wakiingia nyumbani kwa marehemu na kuondoka na kila kitu. Kwa mara ya kwanza sheria ya nchi ilimweka mtoto wa kuzaa mbele ya mpwa. Mwaka 1991 Zambia iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto. Mwaka 1995 ilitunga sheria ya kumthibitisha baba na kumtoza matunzo ya mtoto, awe amemzaa ndani ya ndoa au nje yake. Mwaka 2007 ikatungwa sheria ya mashauri ya ndoa zilizofungwa kiserikali, badala ya kuendelea kuazima sheria ya talaka ya Uingereza.

Kisha mwaka 2022 ikaja Sheria ya Kanuni za Mtoto, Na. 12. Sheria hiyo ilizifuta na kuziunganisha sheria kadhaa za zamani, zikiwamo ile ya uhalali wa watoto ya mwaka 1929, zile za kuasili na za watoto wadogo za mwaka 1956, na ile ya matunzo ya mwaka 1995. Iliingiza katika sheria za nchi Mkataba wa Haki za Mtoto pamoja na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto. Nguzo yake ni kwamba katika kila uamuzi unaomhusu mtoto, maslahi bora ya mtoto ndiyo yatangulie. Angalia lugha inavyobadilika. Sheria za zamani zilizungumza juu ya haki ya mzazi. Sheria hii inazungumza juu ya wajibu wa mzazi.

Jirani zetu wamepita njia inayofanana. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inachukulia kwamba ni vyema mtoto aliye chini ya miaka 7 akae na mama yake, ila ikithibitishwa vinginevyo, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikaongeza mengi juu yake. Kenya nayo ilitunga upya Sheria ya Watoto mwaka 2022. Swali la mtoto anahitaji nini limekuwa swali la kanda nzima.

Mpango wa malezi kando ya ziwa

Siku hizi maofisa wa ustawi wa jamii na wanasheria huwahimiza wazazi wanaotengana kuandika mpango wa malezi: makubaliano yanayoeleza mtoto atakaa wapi, atamwona mzazi mwingine lini, nani atalipia nini, na maamuzi makubwa yatafanywaje. Je, historia tuliyoisoma inaweza kuwasaidia watu wanaoandika mpango kama huo Nchelenge?

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama anaishi Kashikishi, anauza chisense. Baba ni mvuvi katika kisiwa cha Kilwa, ambacho kiko ziwani upande wa Zambia, na huvuka mara kwa mara kwenda Kongo kuuza samaki. Wana watoto wawili, wa miaka 5 na 11. Mpango ulionakiliwa kutoka kitabu cha mjini utasema: baba alipe kiasi fulani kila mwezi, na awachukue watoto kila mwisho wa juma la pili. Karatasi hiyo haitafika mbali.

Kwanza, uvuvi hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaane. Katika miezi hiyo mvuvi hana mapato ya ziwa. Agizo la kulipa sawasawa kila mwezi litamfanya mkosaji kila Januari, mwezi uleule shule zinapofunguliwa. Serikali ilifuta karo za shule za umma mwaka 2022, lakini sare, madaftari na chakula bado vinanunuliwa. Mpango wenye busara utaagiza sehemu kubwa ilipwe wakati wa mavuno ya samaki, na sare zinunuliwe kabla ya Desemba.

Pili, kuna mpaka. Mtoto akivushwa kwenda Kongo na asirudishwe, hakimu wa Nchelenge hawezi kumwagiza askari wa ng'ambo. Basi mpango useme wazi kwamba mtoto havushwi ziwa bila ridhaa ya wazazi wote wawili, iliyoandikwa na kushuhudiwa. Kwa watu wanaovuka kama wengine wanavyovuka barabara, sharti hilo linaonekana zito, lakini uzito wake ndio ulinzi wake.

Tatu, kuna watu ambao kitabu cha mjini hakiwataji. Mama akienda kununua chisense alfajiri, watoto wako kwa bibi yao. Mtoto wa miaka 11 akikosana na mama, atakimbilia kwa mjomba. Mpango unaowataja watu wawili tu unaacha nje nusu ya walezi. Hakuna sheria inayokataza wazazi kuandika kwamba bibi mzaa mama atakuwa mlezi wa mchana, kwamba mjomba na shangazi watakuwa mashahidi, na kwamba ugomvi utapelekwa kwao kwanza kabla ya kwenda mahakamani.

Nne, mtoto wa miaka 11 ana maneno yake. Desturi ya zamani ilimruhusu mtoto aliyekua kidogo kuhama kwa miguu yake mwenyewe, na hiyo ilikuwa namna ya kusikilizwa. Sheria ya leo inataka maoni yake yasikilizwe kwa kadiri ya umri na ufahamu wake. Katika jambo hili mila na sheria hazigombani hata kidogo.

Wapo watakaosema kwamba kumrudisha mjomba katika karatasi ni kurudisha mamlaka ya ukoo ambayo sheria ya 1989 ilijitahidi kuipunguza. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa mjomba anayemlea mtoto leo anaweza kumtaka kesho kama mali. Jibu lake limo katika masimulizi ya Nachituti. Mjomba na baba wote wana nafasi kwa masharti yaleyale: anayelinda hubaki, anayedhuru huondoka. Huo ndio moyo wa maslahi ya mtoto, na ulijulikana kando ya Mweru kabla haujaandikwa Lusaka.

Wabemba wana methali isemayo, imiti ikula e mpanga: miti inayokua ndiyo msitu. Msitu wa kesho hauulizi mti uliota upande wa nani. Unahitaji uwe umepata maji. Wazazi wanaoachana wanaweza kushindana miaka mingi juu ya swali la kwanza, nalo lina majibu mengi yenye haki ndani yake. Swali la pili halisubiri, kwa maana mtoto wa miaka 5 atakuwa na miaka 6 kabla rufaa haijasikilizwa.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti kati ya kuwa mzazi wa mtoto na kuwa mwenye mtoto katika jamii ya kukeni. Je, tofauti hiyo ipo katika jamii yako?

2. Sheria ya Kiingereza ya zamani na mila za Mweru zilipingana katika nini, na zilifanana katika nini?

3. Andika aya moja ya mpango wa malezi kwa wazazi ambao mmoja wao ana mapato ya msimu, kama mkulima au mvuvi. Tumia maneno haya: matunzo, mlezi, ridhaa, shahidi.

4. Je, ndugu wa wazazi wanapaswa kutajwa katika mpango wa malezi? Toa hoja mbili za kukubali na mbili za kukataa.